Alama 48 za kemia zilitoka wapi?

"Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Nakuru. Muhula uliopita, katika kemia alipata 52 kwa 80 karatasi ya kwanza, 46 kwa 80 karatasi ya pili, na 13 kwa 40 ile ya maabara. Nikageuza zote kuwa asilimia, nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikapata karibu 52. Ripoti inasema 48, gredi C-. CAT ya kwanza, yaani jaribio la katikati ya muhula, alipata 19 kwa 30. Ya pili ilifanywa wiki ambayo alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, na hapo pameandikwa sufuri. Lakini maabara ndiko kunakoniuma zaidi. Karatasi nimeiona kwa macho yangu: alipata 24, 23.6 na 23.50, wastani 23.7, na jibu la mwisho akapata lile lile lililo kwenye kitabu chake cha marudio, lakini mwalimu amemkata karibu kila mahali. Rafiki yake aliyepata 23.5 ana alama zote za jedwali. Kijana anasema rangi ilimchanganya, hakujua asimame wapi. Mwalimu mwenyewe ni mkali, aliwahi hata kumtoa maabara kwa kukosa koti. Je, anaonewa? Anataka kusomea uuguzi. Na dadake aliyeingia gredi ya 10 mwaka huu, naye atasahihishwa hivi hivi?"

Mama, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuiomba karatasi ukaisoma. Wazazi wengi huishia kwenye ripoti. Unachotaka kujua ni kama kuna mtu anamwonea mwanao. Nikiyatazama uliyoniandikia, mkono wa mwalimu kule maabara sioni kama umemwonea. Ile sufuri ya CAT, ambayo umeitaja kwa haraka ukapita, ndiyo yenye kesi.

Tuanze na hesabu. Karatasi tatu za kemia hazina uzito sawa, kwa hivyo huwezi kuzigeuza asilimia kisha ukagawa kwa tatu. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, karatasi ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, ya tatu, yaani ya vitendo, 40. Jumla ni 200, halafu inagawanywa kwa mbili. Maabara basi ni asilimia 20 ya somo, wala si theluthi kama ulivyoipa wewe. Mwanao ana 52, 46 na 13, jumla 111 kwa 200, ambayo ni asilimia 55.5. Unaona? Hesabu yako ilimpunja kijana alama tatu na ushee.

Sasa, kutoka 55.5 tulifikaje 48? Shule nyingi huupa mtihani wa mwisho wa muhula asilimia 70 na CAT asilimia 30. Asilimia 70 ya 55.5 ni 38.85. CAT mbili, 19 na sufuri, wastani wake ni 9.5. Jumlisha: 48.35. Hiyo ndiyo 48 ya ripoti, na ninaamini hivyo ndivyo ilivyopigwa kwa sababu tarakimu zinaingiana bila kulazimishwa. Ondoa ile sufuri, uihesabu CAT aliyoifanya peke yake, na inakuwa 19 kujumlisha 38.85, yaani karibu 58. Kwa vipimo ambavyo shule nyingi hutumia, 48 ni C- na 58 ni C+. Alama kumi nzima zimemezwa na siku moja ambayo mtoto hakuwa darasani.

Hapo ndipo pa kwenda kuulizia, tena kwa upole. Sufuri maana yake ni kwamba mtoto alikaa, akaandika, na hakupata hata moja. Asiyekuwepo huandikiwa X, na hata KCSE yenyewe hutofautisha asiyefika na aliyefeli. Shule ikishaandika X, ina njia mbili za haki: impe CAT nyingine, au ihesabu zile alizofanya. Hakuna sheria ya taifa inayopanga CAT za kemia ziwe asilimia 30. Huo ni utaratibu wa shule, na kilichopangwa na shule kinaweza kurekebishwa na shule. Nenda kwanza kwa mwalimu wa somo, si kwa mwalimu mkuu, na uende na barua au risiti inayoonyesha tarehe alizokuwa nyumbani. Asipokuwa na la kufanya, mwone mkuu wa idara ya sayansi au mwalimu anayesimamia mitihani. Usiende ukisema "mwanangu ameonewa". Sema, "Naomba kujua utaratibu wa mwanafunzi aliyekosa CAT kwa ruhusa." Swali hilo humpa mwalimu nafasi ya kurekebisha bila kuonekana ameshindwa. Ujue pia kwamba CAT hizo hazitaonekana popote kwenye KCSE. Gredi yake ya kemia ya mwaka 2027 itatoka kwenye zile karatasi tatu tu. Kwa hivyo pigania haki yake, lakini usiache sufuri hiyo ikufiche jambo kubwa zaidi, ambalo ni 13 kwa 40.

Twende maabara. Jaribio ulilolieleza ni lile la kupima asidi kwa bureti, mrija wa kioo wenye mistari: asidi inadondoshwa kwenye flaski mpaka rangi ibadilike, na kiasi kilichotumika kinaandikwa kwenye jedwali. Wengi hudhani mwalimu hutazama jibu la mwisho, likiwa sawa basi. Sivyo. Jedwali lenyewe hubeba alama tano, na kila moja ina kazi yake. Moja ni ya kujaza jedwali lote. Moja ni ya desimali. Moja ni ya usahihi wa kipimo. Moja ni ya namna ya kutafuta wastani, na ya mwisho ni ya wastani wenyewe.

Mtazame mwanao. Ameandika 24, kisha 23.6, kisha 23.50: tarakimu moja haina desimali, ya pili ina moja, ya tatu ina mbili. Alama ya desimali imekwenda, na imekwenda kwa haki. Bureti ya shule ina mistari ya sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo, na ukiandika 24 bila desimali unamwambia msomaji kwamba hukuitazama mistari hiyo. Mwanafunzi achague: desimali moja kote, au mbili kote. Akichagua mbili, ya pili iwe 0 au 5, kwa sababu jicho haliwezi kugawa nafasi ile ndogo zaidi ya nusu. Na sharti hilo linahusu jedwali zima, pamoja na ile 0.0 ya kuanzia, ambayo wengi huiandika 0 tupu.

Kisha wastani. Amechukua zote tatu, akajumlisha, akagawa kwa tatu, akapata 23.7. Kwa hesabu ya sokoni hiyo ni sawa kabisa. Kwa kemia ni kosa, kwa kuwa vipimo vinavyotafutiwa wastani lazima vikaribiane, visipishane kwa zaidi ya 0.2. Kati ya 24 na 23.5 kuna nusu nzima. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa cha kubahatisha, mtu anatafuta mahali pa kusimama, na ndiyo maana hurudia. Alipaswa kuiacha ile 24 ndani ya jedwali bila kuifuta, achukue 23.6 na 23.5, wastani 23.55, na aonyeshe hesabu hiyo kwa maandishi. Mwalimu akiona wastani umeandikwa tu bila kuonyesha vilivyojumlishwa, ana kila sababu ya kukata.

Halafu kuna hili la rafiki aliyepata 23.5. Kabla ya watahiniwa kuanza, mwalimu hufanya jaribio lile lile kwa myeyusho ule ule, na jibu lake ndilo kipimo cha shule. Mwanafunzi akiwa ndani ya 0.1 ya kipimo hicho hupata alama nzima ya usahihi, akiwa ndani ya 0.2 hupata nusu. Hufanywa hivyo kwa sababu myeyusho wa shule moja haufanani kabisa na wa shule nyingine. Sisi wa Nakuru tunalijua hili kuliko wengi. Maji ya visima vya huku Bonde la Ufa yana floridi nyingi na yana bikaboneti ya sodiamu. Mtu akisuuza flaski kwa maji ya kisima badala ya maji yaliyokenekwa (distilled), ameongeza kitu ambacho kitakula asidi, na kipimo kitapanda. Akisuuza bureti kwa maji, hata yakiwa safi namna gani, bila kuisuuza tena kwa asidi yenyewe, ameizimua asidi, na kipimo kitapanda vilevile. Muulize kijana alisuuza nini kwa nini. Kwa sheria fupi: bureti kwa asidi itakayokaa ndani yake, pipeti, mrija wa kunyonyea kipimo kamili, kwa myeyusho itakaouchukua, flaski kwa maji yaliyokenekwa peke yake.

Sasa unaona ni kwa nini jibu la kitabu cha marudio halimsaidii. Tuseme kwenye flaski kulikuwa na sentimita za ujazo 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M (M ni moli kwa lita, na moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) na asidi ilikuwa ya haidrokloriki. Moli moja ya kaboneti hula moli mbili za asidi. Kwa wastani wa 23.55, asidi inatoka 0.1062 M. Kwa wastani wake mwenyewe wa 23.7, ingetoka 0.1055 M. Kitabu kinasema 0.1. Mwanafunzi mwenye hofu huikata tarakimu yake mpaka ifanane na ya kitabu, na hapo hupoteza alama alizokuwa nazo mkononi. Msahihishaji hufuata wastani wa mtahiniwa mwenyewe, hata ukiwa na kasoro, na kama hatua zake ni sahihi humpa alama za hesabu. Kosa la jedwali huadhibiwa kwenye jedwali, halimfuati mtoto mpaka mwisho wa karatasi. Kwa hivyo aende na namba zake, asiibe za mtu.

Sehemu nyingine ya karatasi ya tatu, ile ya kutambua chumvi (kemikali ambayo mtahiniwa hajatajiwa jina), ndiyo humaliza watoto kimyakimya. Pale kila jaribio lina safu mbili: ulichoona, na unachokisia kutokana na ulichoona. Safu ya pili inategemea ya kwanza. Ukiandika mashapo meupe, yaani chembe zinazotuama, na ukasahau kusema kama yanayeyuka alikali (kinyume cha asidi) ikizidishwa, hujamaliza. Kwa sodiamu haidroksaidi, zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka ikizidishwa. Kwa amonia, ni ya zinki pekee kati ya hizo tatu yanayoyeyuka. Mtoto asiyeandika neno hilo la "yanayeyuka" hana pa kusimamia. Pia wengi huandika kimiminika ni "safi" wakimaanisha hakina rangi, na hukatwa. Myeyusho wa kopa salfeti ni safi, unaona hadi upande wa pili, na ni wa bluu. Na mwenye kuorodhesha ioni zote anazozijua akitumaini moja itapata hujikuta ile ya uongo imefuta ile ya kweli. Sijaiona sehemu hiyo ya karatasi yake, lakini kwa 13 kwa 40, ningeitazama leo jioni.

Nirudi kwenye kitu ambacho umekiandika kwa mstari mmoja: rangi ilimchanganya. Huenda ni woga wa maabara tu, au mwanga hafifu, au hakuweka karatasi nyeupe chini ya flaski. Hilo la karatasi hutibu wengi. Lakini jaribio la kaboneti na asidi kwa kawaida hutumia methili oranji, kiashiria cha kuonyesha mahali pa kusimama, ambayo hutoka njano ikaelekea rangi ya chungwa na waridi, na wapo watu wasiozitofautisha vizuri nyekundu, kijani na zinazokaribiana nazo. Hali hiyo hurithiwa, na huwapata wavulana zaidi kwa sababu jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, na mvulana ana moja tu. Mtoto anaweza kufika kidato cha tatu bila mtu kujua, kwa kuwa hajui wengine wanaona nini. Sisemi mwanao anayo. Nasema mpeleke kliniki ya macho, aonyeshwe zile picha za vitone vya rangi zenye namba ndani. Ni kipimo cha dakika chache. Ikithibitishwa, mwambie mwalimu mapema. Kuna viashiria vingine ambavyo baadhi ya macho huvimudu vizuri zaidi, anaweza kufundishwa kutazama rangi inavyokolea au kufifia badala ya aina ya rangi, na shule itakuwa na muda wa kuuliza ni msaada gani unaruhusiwa kwenye mtihani wa taifa. Uuguzi haufungwi na hali hiyo, ila ni vyema mtu aingie akijua.

Kuhusu koti, hapo nitamtetea mwalimu bila kusita. Asidi haichagui mtoto wa nani, na mwalimu ndiye atakayeulizwa jicho la mtoto likiungua. Alichoweza kufanya ni kumpa nafasi ya kurudia jaribio siku nyingine, na hilo unaweza kuliomba. Kama maabara ya shule haina makoti ya kuazima, huo ni mjadala wa kikao cha wazazi.

Mwalimu wa ziada je? Najua ndilo wazo linalofuata. Kwa karatasi ya kwanza na ya pili mwanao ana 98 kwa 160, si mbaya, na mtu wa kumpitisha tena kwenye moli na kemia ya kaboni atamsaidia kidogo. Lakini hakuna anayefundisha bureti sebuleni. Pesa hizo na muda huo vingemfaa zaidi akiombewa saa moja ya maabara kwa wiki pamoja na wenzake wawili watatu, chini ya uangalizi wa mwalimu au fundi wa maabara. Jedwali lenyewe linaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani kwa kalamu tu: mpe namba tatu, akuonyeshe desimali na wastani. Huhitaji kujua kemia kumkagua. Akitoka 13 hadi 26 kwa 40, karatasi nyingine zikibaki zilivyo, mtihani wake unafika asilimia 62.

Kuhusu uuguzi, usimtishe. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi, kwa hivyo kemia mbaya haiwezi kumshusha jumla kama zamani iwapo anafanya masomo manane. Lakini usijifariji kupita kiasi na hilo. Vyuo vya uuguzi, KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) ikiwemo, huangalia wastani kisha vinachungulia masomo mahususi, na baiolojia na kemia ziko mstari wa mbele. Chukueni masharti ya kozi yenyewe kutoka chuoni, mwaka huu huu, muyabandike ukutani. Wakati bado upo, ila ujue kwamba yeye na wenzake wa kidato cha tatu ndio darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu.

Dadake yuko kwenye mfumo mwingine. Gredi ya 10 ya 2026 ni ya kwanza ya shule za upili za juu, na huko herufi za A hadi E zimeachwa. Aliona mwenyewe matokeo yake ya KJSEA ya 2025, mtihani wa kumaliza gredi ya 9, yakija kwa viwango vinane, kuanzia EE1 (kuzidi matarajio) hadi BE2 (chini ya matarajio), na katika kumpangia shule, mtihani wenyewe ulibeba asilimia 60 tu: kazi za gredi ya 7 na 8 zilikuwa na 20, na KPSEA, mtihani wa gredi ya 6, 20. Tofauti na kakake, kazi ya shuleni kwake inahesabiwa. Kama yuko mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) na anasoma kemia, jaribio moja alilokosa kwa sababu ya karo linaweza kumfuata, kwa hivyo kila anapokosa siku, omba shule iandike sababu siku ile ile, na akirudi aulize ni lini atalifanya.